Ushuru wa Nyumba Unamlipia Mwajiri Deni Lake

Tangu Rais William Ruto akabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza katika mtaa mpya wa Mukuru, Nairobi, mwezi Mei 2025, mjadala kuhusu ushuru wa nyumba umegawanyika pande mbili, na kila upande umeridhika na hoja yake. Wanaouunga mkono huonyesha picha ya mama aliyehama nyumba ya mabati akifungua bomba la maji jikoni mwake. Wanaoupinga huonyesha hati zao za mshahara, pamoja na yale makato ya asilimia 1.5 yaliyobandikwa juu ya makato mengine. Picha zote mbili ni za kweli, lakini zimefunika swali ambalo ndilo lililozaa nyumba za mabati tangu mwanzo: gharama ya kumlaza mfanyakazi karibu na kazi yake ni ya nani? Hoja yangu ni kwamba tangu enzi za ukoloni sheria za Kenya zimekuwa zikisema gharama hiyo ni ya mwajiri, ilhali soko la ajira limekuwa likimtafutia mwajiri mlango wa kutokea, na ushuru wa nyumba, kwa namna ulivyoundwa, umekuwa mlango mwingine wa aina hiyo, ingawa umepakwa rangi nzuri zaidi kuliko yote iliyoutangulia.

Matukio ya karibuni yanafahamika, kwa hiyo nitayapitia upesi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wote wa mfanyakazi, huku mwajiri akitakiwa kutoa kiasi kama hicho. Novemba 28, 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliyabatilisha, wakisema hayakuwa na msingi kamili wa kisheria na kwamba yaliwabagua wafanyakazi wa sekta rasmi kwa kuwatoza wao peke yao. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuiruhusu serikali iendelee kutoza wakati rufaa ikisubiriwa. Bunge likarudi mezani, na Machi 19, 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini, safari hii ikimgusa pia mwenye kipato kisicho mshahara. Sheria hiyo inawapanga Wakenya kwa mapato yao: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za kijamii, anayepata kati ya 20,000 na 149,000 ametengewa nyumba za bei nafuu, na aliye juu ya hapo ana fungu lake. Katika mpangilio huo wote mwananchi anaonekana kama mnunuzi wa kesho. Haonekani kama mtu aliyeajiriwa na mwajiri fulani, anayeingia zamu saa moja asubuhi katika Eneo la Viwanda, na ambaye kuna sheria nyingine, kongwe kuliko hii, inayoeleza ni nani anayepaswa kumgharimia mahali pa kulala.

Sheria hiyo kongwe ina historia ya machungu. Kanuni za ajira za kikoloni zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi malazi, na Mombasa ndiko zilikopasukia. Kazi ya bandarini ilikuwa ya kupwa na kujaa: meli zikiwa nyingi watu huitwa, zikiondoka watu hurudi mtaani, na kwa kuwa kibarua aliajiriwa kwa siku, mwajiri alijiona hana sababu ya kujua usiku ule atalala wapi. Alilala mtaa wa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ambayo vyumba vyake hutazamana ukumbini, kila chumba kikiwa kimepangishwa peke yake na mara nyingi kikigawanywa na watu kadhaa. Mwenye nyumba naye aghalabu hakumiliki ardhi. Alijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kukilipia kodi ya ardhi, mpango ambao hadi leo watu wa Pwani huuita nyumba bila ardhi. Mgomo wa Julai na Agosti 1939 ulianzia kwenye dai la nyumba, na jawabu la waajiri likawa ni kutoa posho. Vita vya dunia vilipopandisha kodi za vyumba na bei za vyakula, posho hiyo ikayeyuka, na Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliusimamisha mji mzima kwa siku 12. Ninayakumbusha haya kwa sababu katika migomo yote miwili suala la chumba na suala la ujira halikuwa na mpaka. Kodi ilikuwa sehemu ya ujira ambayo mwajiri alijaribu kuisahau, na wafanyakazi wakamkumbusha kwa njia waliyokuwa nayo.

Nairobi ilifuata njia tofauti ikafika pale pale. Shirika la reli liliwajengea watu wake landhi, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, za Muthurwa na Makongeni, na halmashauri ya mji ikajenga Kariokor, Shauri Moyo na Ziwani, vyumba vidogo vilivyopimwa kwa mtu mmoja mwanamume, kwa imani kwamba mke na watoto watabaki mashambani wakijilisha wenyewe. Mshahara ulikadiriwa kwa kipimo hicho hicho, ukaitwa mshahara wa kapera, na mwaka 1954 kamati ya Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika ilikiri waziwazi kwamba haumtoshi mtu mwenye familia. Lakini mtaa unaoeleza zaidi uchumi wa jambo hili ni Pumwani, uliotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wajijengee wenyewe. Waliojenga, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wameweka akiba kwa taabu, walijenga nyumba za vyumba vingi na kuvipangisha kwa watu wanaofanya kazi mjini. Rekodi za wakati huo zimejaa malalamiko ya maofisa kuhusu msongamano na pombe, ilhali mtaa ule ulikuwa ukiwafanyia hisani kubwa. Kila chumba alichokijenga bibi wa Pumwani kwa pesa zake ni chumba ambacho halmashauri haikukijenga na mwajiri hakukilipia. Pumwani ilikuwa ruzuku iliyotoka kwa maskini kwenda kwa makampuni.

Hatima ya landhi za Muthurwa nayo inafaa kutazamwa, kwa kuwa inaonyesha ni nini hutokea malazi ya wafanyakazi yanapobadilika kuwa mali. Baada ya shirika la reli kudhoofika, mtaa huo uliingizwa katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake. Ukuta ule ule uliojengwa ili mtu wa reli alale karibu na karakana sasa ukawa rasilimali inayopaswa kuleta faida ili mstaafu wa reli apate malipo yake ya uzeeni. Mwaka 2010 wapangaji wakapewa notisi ya kuhama. Wakaenda mahakamani wakiegemea Katiba mpya, ambayo Ibara yake ya 43 inatambua haki ya makazi, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaona haki zao zimevunjwa. Tazama ajabu ya kesi ile: waliokabiliana hasa ni wapangaji maskini na wazee wa pensheni, na swali la wajibu wa mwajiri halikuwa kiini cha ugomvi huo.

Sasa turudi kwenye sheria ya leo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kwa gharama yake, ampe kila mwajiriwa makazi ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe, juu ya mshahara, kiasi cha kumtosha kupanga makazi ya kufaa. Amri za kima cha chini cha mshahara nazo huweka marupurupu ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mtu akisoma mpaka hapo angedhani tatizo limekwisha tatuliwa. Lakini kifungu kidogo kinachofuata kinasema wajibu huo haumhusu mwajiriwa ambaye mkataba wake umeijumuisha sehemu ya nyumba ndani ya mshahara wa msingi. Neno hilo moja, kujumuisha, ndilo limeifungua nchi nzima. Niliwahi kutia saini mkataba wa namna hiyo mimi mwenyewe, ukiwa na mstari mmoja uliosema mshahara wangu ni jumuishi, na nilipouliza marupurupu ya nyumba yako wapi nikaambiwa kwa upole kwamba yamo ndani, kama chumvi iliyokwisha yeyuka kwenye mchuzi. Zaidi ya hao wenye mkataba kuna vibarua, ambao sheria inawatambua kama watu wanaoajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa wakati mmoja na kulipwa jioni. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mzima anapaswa kuhesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida, lakini anayepanga foleni kwenye geti la kiwanda kila alfajiri hawezi kukidai kifungu hicho bila kuipoteza nafasi yake kwenye foleni. Kibarua wa bandari wa 1939 angelielewa geti hilo bila kuelezwa.

Hesabu ndogo itaonyesha ushuru umeongeza nini juu ya hali hii. Chukua mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 16,000. Mwajiri anayetii sheria anamwongezea asilimia 15, yaani 2,400, na jumla inakuwa 18,400. Ushuru wa asilimia 1.5 juu ya jumla hiyo ni shilingi 276 kutoka kwa mfanyakazi na 276 kutoka kwa mwajiri. Jirani yake ameandika mshahara jumuishi wa 16,000 na kufumba macho. Huyu hatoi 2,400. Anatoa ushuru wa shilingi 240 tu, tena juu ya mshahara mdogo zaidi, kisha anasimama mbele ya kamera kama mshirika wa maendeleo anayechangia makazi ya wafanyakazi. Mwaminifu analipa mara mbili, mjanja analipa sehemu ya kumi. Sheria ya 2024 haikukifuta kifungu cha 31, na hilo nalikubali. Lakini haikukitaja kama nguzo ya sera ya nyumba, na fikra za umma zimekwisha hamia kwingine. Leo mfanyakazi akilalamika kuhusu kodi ya chumba anaambiwa ajisajili kwenye mfumo wa serikali asubiri zamu yake. Zamani angalau angeambiwa amuulize mwajiri.

Ili kuona kwa nini jambo hili ni zito, inabidi tuielewe biashara ya chumba chenyewe. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na takriban kaya tisa katika kila kumi zilikuwa za wapangaji. Wengi wao hawajapanga nyumba kwa maana ya sebule na vyumba vya kulala. Wamepanga chumba kimoja ndani ya ploti, kiwe cha mabati kule Mukuru kwa Njenga au cha mawe katika maghorofa ya Pipeline, Embakasi, ambako vyumba vimepangwa pande mbili za ujia mwembamba, choo kinatumiwa na ujia mzima, na mwanga wa jua hauteremki hadi ghorofa za chini. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba 9.3. Kikipangishwa kwa shilingi 4,500 kwa mwezi, mpangaji analipa takriban shilingi 484 kwa kila mita ya mraba. Familia ya tabaka la kati iliyopanga nyumba ya mita 90 kwa shilingi 40,000 inalipa 444, tena ikiwa na maji, mlinzi na mahali pa kuegesha gari. Mwenye ploti anaijua hesabu hii vizuri, ndiyo sababu kiwanja kinachoruhusiwa nyumba ya familia moja huota vyumba 80. Huu si ulafi wa pekee. Soko linamlipa zaidi anayekata nafasi vipande vidogo, kwa sababu wateja wake wana kipande kidogo cha mshahara kilichobaki baada ya chakula na karo.

Mwenye mabati naye ana hesabu yake. Kwa kawaida hana hatimiliki. Ana makubaliano na chifu au wazee wa mtaa, na anajua tingatinga linaweza kuja asubuhi yoyote. Benki haimkopeshi, na hakuna sababu ya kujenga kwa mawe kitu kinachoweza kubomolewa. Hujenga kwa mabati na mbao, akilenga kurudisha pesa zake upesi iwezekanavyo, na baada ya hapo kila mwezi ni faida tupu. Watu humwita mnyonyaji, na wako wanaostahili jina hilo, hasa wale wenye vyumba kwa mamia ambao hawajawahi kulala Mukuru hata usiku mmoja. Lakini sehemu kubwa ya kodi ile ya juu ni bei ya wasiwasi wa tingatinga, na wasiwasi huo unalipiwa na mpangaji. Juu yake anaongeza maji ya mtungi, yanayomgharimu kuliko yale ya bomba wanayotumia wenye nyumba Kileleshwa, na stima ya kuunganishwa kienyeji ambayo malipo yake hayapiti kwenye tokeni. Anayedhulumiwa hana pa kwenda, maana Sheria ya Kudhibiti Kodi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijasogezwa kwa miongo kadhaa huku soko likikipita kwa mbali. Baraza lililoundwa kumlinda mpangaji maskini limebaki likilinda vyumba ambavyo karibu havipo.

Upande wa serikali una hoja tatu, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba soko peke yake limeshindwa kuleta choo, mfereji wa maji taka na bomba, vitu ambavyo mwenye ploti mmoja hawezi kuvileta hata akitaka. Hapa serikali iko sahihi kabisa, na yeyote aliyewahi kupita Mukuru msimu wa mvua hatabishana nayo. Ya pili ni kwamba ujenzi huleta kazi kwa fundi, kwa mwenye jua kali anayechomelea madirisha na kwa mama wa chakula kando ya mjengo. Hili nalo ni kweli, ingawa pesa zilizokatwa kwenye mshahara zingetumika mahali pengine na kuleta kazi huko pia, kwa hiyo inayohesabiwa kuwa kazi mpya ni ile tofauti tu. Nitarudi kwenye hoja ya tatu. Wapinzani kwa upande wao wanasema serikali si mjenzi, iwaachie wenye ploti, ambao wamewapa paa mamilioni ya watu bila kuomba hata senti ya umma. Kuna ukweli hapa ambao wataalamu wa mipango miji wamechelewa sana kuukubali. Lakini soko hilo hilo lililojenga Pipeline halina njia ya kujizuia: kila mwenye kiwanja anajua akiacha nafasi ya hewa, jirani ataichukua.

Waajiri nao husema wakilazimishwa kubeba malazi kikamilifu, ajira zitakimbilia Ethiopia au Bangladesh. Woga huo si wa kubuni kwa kiwanda cha nguo cha Athi River kinachoshindana kwa senti. Na mtu anayedai waajiri warudi kujenga nyumba za wafanyakazi afike kwanza kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kule kampuni humpa mchumaji nyumba, maji, wakati mwingine hata shule na zahanati, na kwa hesabu ya karatasi huo ni ujira mnono kuliko wa Nairobi. Lakini siku anayofukuzwa kazi ndiyo siku anayofukuzwa nyumbani, na watoto wanafukuzwa shuleni pamoja naye. Akigoma, familia nzima imegoma ikiwa ndani ya ua wa tajiri. Wakenya waliokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ulinzi na usafi wanaijua hali hii kwa undani zaidi: kitanda katika kambi ya kampuni, basi la kampuni asubuhi na jioni, na pasi ya kusafiria ambayo haiko mkononi. Naivasha ilijaribu kuchanganya, baadhi ya mashamba ya maua yakijenga nyumba na mengine yakilipa marupurupu, na mitaa kama Karagita ikajaa ploti za chumba kimoja kwa ajili ya hao wa pili. Nikipewa nafasi ya kuchagua kwa niaba ya mwanangu, ningechagua marupurupu na Karagita, pamoja na vumbi lake. Pesa mkononi zinampa mtu uwezo wa kugombana na mwajiri Jumatatu na bado akalala kwake Jumatatu usiku.

Hoja ya tatu ya serikali, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba kodi ni pesa za kutupa, na kwamba mfanyakazi anayelipa shilingi 4,000 kwa mwezi angeweza kulipa kiasi hicho hicho na mwishowe akamiliki. Hoja hii inavutia kwa sababu inalinganisha tarakimu mbili na kuusahau mkataba wa kazi. Mtu mwenye kibarua cha leo, au mkataba wa miezi mitatu unaoongezwa kwa hisani ya msimamizi, akijifunga kwa malipo ya miaka mingi mahali pamoja amejitwika hatari ambayo benki yenyewe ingeikataa. Kodi yake inanunua zaidi ya paa. Inanunua uwezo wa kuhama wiki ijayo kiwanda kikifungwa, na kuishi mahali ambapo anaweza kwenda kazini kwa miguu, jambo ambalo kwa mtu wa mshahara huo ni tofauti kati ya kula na kulipa nauli ya matatu mara mbili kwa siku. Tena anayesemwa kuwa hana nyumba mara nyingi anayo. Sensa ile ile iliyoonyesha kwamba kaya za wenye nyumba Nairobi hazifiki hata moja katika kila kumi ilionyesha kwamba nchini kote kaya sita hivi katika kumi zinaishi kwenye nyumba zao. Si mataifa mawili hayo. Mara nyingi ni ukoo mmoja: chumba cha kupanga Tassia, Nairobi, na nyumba ya matofali inayojengwa kidogo kidogo Siaya, Kitui au Kakamega, kwenye ardhi ya baba, ambako mtu anajua atazikwa. Mfanyakazi huyu amekwisha kuamua atawekeza wapi. Anachotaka mjini ni mahali pa kulala pasipomuua na pasipomla mshahara.

Anayedhani ninabahatisha kuhusu yatakayofuata aende Dandora. Mwaka 1975 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kugawa huko viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji na choo, ili watu wa kipato cha chini wajijengee na kumiliki. Wengi walijenga, kisha wakaongeza vyumba wakavipangisha, na wengine wakahama kabisa wakaacha ploti nzima mikononi mwa wapangaji. Wataalamu waliandika kwa masikitiko kwamba walengwa wamevuja, yaani nyumba zimetoka mikononi mwa waliokusudiwa. Mimi nauona uvujaji ule kuwa sehemu ya mradi iliyofanikiwa kuliko zote, kwa sababu palikuwa na mfereji wa maji taka kwanza na vyumba baadaye, na mji ukapata maelfu ya vyumba vyenye choo kwa gharama ya kiwanja tu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hadharani kwamba bidhaa iliyohitajika ilikuwa chumba cha kupanga, na kuweka kanuni za hewa, mwanga na idadi ya ghorofa kabla ya saruji kumwagwa.

Kama hoja hii ina mashiko, basi fedha za ushuru zingeelekezwa kwanza chini ya ardhi, kwenye mifereji na mabomba ya mitaa ambayo tayari imejaa vyumba, na kwenye kuwapa wenye ploti hati za kutosha kuwaondolea woga wa tingatinga kwa sharti la kutii vipimo. Sehemu ya nyumba mpya ingebaki ya kupangisha daima, chini ya kaunti au vyama vya ushirika, bila mnunuzi na bila bahati nasibu ya ugawaji, kodi yake ikilipwa mwezi kwa mwezi kama mshahara unavyoingia. Dar es Salaam mpangaji amezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa kweli anamkopesha mwenye nyumba; desturi ya Nairobi ya kulipa kwa mwezi ni utajiri ambao hatujui kuuthamini, na mpango wowote unaodai amana kubwa unaupoteza. Kiwango cha shilingi 2,500 cha baraza la kodi kingepandishwa. Zaidi ya yote, kile kifungu kidogo cha mshahara jumuishi kingefungwa, kila hati ya mshahara ionyeshe marupurupu ya nyumba kwa mstari wake, na ukaguzi wa ushuru uwe pia ukaguzi wa mstari huo, maana mamlaka ya mapato inaona kila mwezi mishahara ambayo ofisa wa kazi hana hata gari la kwenda kuikagua. Waajiri wangepiga kelele. Lakini aliyekuwa akilipa asilimia 15 zake kwa uaminifu hangepoteza chochote, na huyo ndiye ambaye hadi sasa hakuna aliyemtetea.

Bila hayo, Mukuru mpya itakwenda njia ya Dandora, ila safari hii kwa ghorofa na kwa pesa za watu wote. Mmoja wa waliopewa funguo atapoteza kazi, au atapata kazi Thika, au atauguza mzazi kijijini. Sheria inamzuia kuuza bila idhini, lakini hakuna mtunza jengo wala ofisa atakayemzuia kumpa binamu chumba kimoja na rafiki wa binamu kingine, kwa kodi ya soko. Rafiki huyo wa binamu atatoka alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye geti la kiwanda. Jioni atalipwa ujira usio na marupurupu ya nyumba, asilimia 1.5 ikiwa imekwisha katwa kujenga nyumba anayolala ndani yake akimlipa kodi mtu mwingine, na mwajiri wake atakuwa ametoa asilimia 1.5 yake na kufunga hesabu.